Motisha, hamasa na ari: kwa nini tunakwama kabla ya kujaribu jambo jipya

Kila Januari darasa langu la jioni hujaa. Ninawafundisha watu wazima Kiswahili katika chumba cha kupanga pale Old Kampala, mwendo mfupi kutoka stendi ya taksi, na mwanzoni mwa mwaka huwa tunaazima viti kwa jirani fundi cherehani. Ikifika Machi viti vya fundi vimesharudi kwake. Walioacha, nikikutana nao mjini, huniambia sentensi moja karibu wote: "Mwalimu, motisha iliisha."

Kulikuwa na mama mmoja muuza vitenge. Alilipa ada yote siku ya kwanza, akanunua daftari jipya, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Kwa wiki tatu aliandika kila nililolisema, hata mifano niliyoifuta ubaoni, lakini mdomo hakuufungua. Wateja wake wengi wanatoka Kongo na wanaongea Kiswahili, kwa hiyo sababu ya kujifunza alikuwa nayo. Nilipomuuliza kinachomzuia alinijibu kwa Kiganda, kwa sauti ya chini wenzake wasisikie, kwamba anasubiri motisha, na ikija ataongea.

Jibu lake lilinikaa kichwani siku nyingi, kwa sababu nalisikia kila mahali. Redioni, kwenye makundi ya WhatsApp, kanisani, msikitini, kwenye makongamano ya vijana, motisha inazungumzwa kama mvua: ipo au haipo, na isiponyesha mkulima hana kosa. Anayetaka kujifunza kushona anasubiri. Anayetaka kurudi shule akiwa na miaka arobaini anasubiri. Nadhani mkanganyiko unaanzia kwenye neno lenyewe, kwa sababu tumelibebesha mizigo mitatu tofauti.

Maneno matatu, mambo matatu

Motisha, kwa Kiswahili cha kazini, ni kitu anachopewa mtu ili afanye jambo: bonasi, cheti, kupandishwa cheo, soda baada ya mkutano. Inatoka nje. Hamasa ni mchemko wa moyo. Unamsikiliza mzungumzaji hodari, damu inakwenda mbio, unatoka ukumbini ukiona hata mlima Rwenzori unaupanda kesho asubuhi. Ari ni nia iliyokaa ndani, ile inayomfanya mtu aendelee hata siku ambayo hakuna wa kumpigia makofi.

Aliyewahi kuwasha sigiri, jiko letu la mkaa, ataelewa haraka. Kipande cha kavera (mfuko wa plastiki) au karatasi hushika moto papo hapo, mwali unapanda, na baada ya nusu dakika umekwisha. Mkaa wenyewe huchelewa. Unapepea, moshi unakutoa machozi, unadhani umeshindwa, kisha kona ya kipande kimoja inakuwa nyekundu, nayo inakiwasha kilicho jirani yake. Hamasa ni ile kavera. Motisha ni mtu anayekusaidia kupepea. Ari ni mkaa wenyewe. Na hakuna mpishi anayekaa mbele ya sigiri baridi akisubiri mkaa uwe mwekundu ndipo auwashe, ingawa mama yetu wa vitenge alikuwa akifanya hivyo hasa kwa wiki tatu, na mimi mwalimu wake sikuwa nimeliona.

Zawadi inapoharibu

Watu wengi huamini kwamba anayekosa ari aongezewe motisha: umwahidi kitu, atafanya. Kwa kazi zisizo na ladha yoyote, kama kufagia ghala, mara nyingi ni kweli. Kwa mambo ambayo mtu angeweza kuyapenda, hesabu inageuka.

Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa watoto wa shule ya chekechea waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti kama litachora. Kundi la pili lilichora kwanza, likapewa cheti bila kutarajia. La tatu halikuahidiwa wala kupewa chochote. Baada ya wiki moja au mbili kalamu ziliwekwa tena darasani na kila mtoto akaachwa acheze anavyotaka. Watoto walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Kile kilichokuwa mchezo kilikuwa kimegeuka kazi, na kazi bila malipo nani anaitaka?

Hapa Uganda hatuhitaji maabara kuliona hilo. Tunajua semina ambazo watu husaini karatasi ya nauli na posho (ya fedha, si posho yetu ya kula na maharage), kisha siku posho inapokosekana ukumbi unabaki na mwenyekiti na mpiga picha. Siwalaumu wanaohudhuria, maana nauli ni nauli. Ninachosema ni kwamba mtu akishazoea kujifunza kwa malipo, siku ya kujifunza kwa faida yake mwenyewe hujiona kama anadhulumiwa.

Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani waliolifuatilia jambo hili kwa miongo kadhaa, wanasema ari ya ndani hulishwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni uhuru: mtu aone jambo amelichagua mwenyewe. Cha pili ni kuona kwamba anaweza, kwamba juzi hakujua na leo anajua kidogo. Cha tatu ni watu: awe na wenzake wanaomjali katika safari hiyo. Ukikosa kimoja, mkaa unafuka tu. Kijana aliyepelekwa chuo cha ufundi na mjomba bila kuulizwa hana uhuru. Anayejifunza kompyuta peke yake chumbani usiku hana watu. Yule mama uhuru alikuwa nao, maana alijilipia mwenyewe, na darasa alikuwa nalo. Kilichokosekana ni kile cha katikati. Hakuwahi kujiona akiweza, kwa sababu darasani hakuwahi kujaribu.

Kinachotisha ni nini hasa?

Tukisema "ninaogopa kushindwa" mara nyingi hatumaanishi kushindwa. Mtu akikosea peke yake jikoni hucheka na kuanza upya. Tunaogopa kuonekana tukishindwa. Kiswahili kina neno lake, aibu, na ningetamani tulitaje waziwazi zaidi, kwa sababu linatufunga miguu kuliko uvivu unavyotufunga.

Aibu ya Kiswahili nchini Uganda ina historia. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri, na kwa watu wengi waliokulia miaka ile ni lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, lugha iliyokujia ikiwa na bunduki. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini barua ya serikali haimfutii mtu alichokisikia utotoni. Mama huyu alikuja kuniambia baadaye kwamba siku alipojaribu kusema "habari za jioni" nyumbani, mkwewe alimuuliza kama ameanza kutembea na wanajeshi. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia "jiamini tu!" umemsaidia nini?

Kuna na hesabu ya hasara. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba kwa kawaida hasara hutuuma zaidi ya faida yenye ukubwa uleule inavyotufurahisha. Ukidondosha noti ya elfu kumi pale sokoni Owino, maumivu yake yanaizidi furaha ya kuokota elfu kumi. Jambo jipya huja na hasara inayoonekana leo, kama ada, muda na kuchekwa, na faida iliyo mbali, yenye ukungu. Mizani ikiwa hivyo, anayesitasita si mpumbavu wala mvivu. Akili yake inafanya kazi yake ya kumlinda. Dawa ni kuipunguza hiyo hasara ya leo mpaka iwe ndogo kiasi cha kutostahili kuogopwa.

Imani ya kwamba "naweza" inatoka wapi

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu panaeleza kwa nini hotuba za kutia moyo hutuacha palepale.

Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika mwaka 1977 kuhusu ile imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza. Alisema ina vyanzo vinne. Kuna kufanikiwa mwenyewe, hata kwa jambo dogo. Kuna kumwona mtu anayefanana nawe akifanikiwa. Kuna maneno ya wengine, yaani kuambiwa "unaweza". Na kuna hali ya mwili: moyo ukidunda na viganja vikitoa jasho, unajisomea kwamba huwezi. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza, kufanya na kuona matokeo kwa macho yako. Maneno ya wengine ni dhaifu, kwa sababu yanavunjwa na kushindwa kwa mara ya kwanza tu.

Sasa tazama tunavyotumia fedha na muda wetu. Tunajaza kumbi kusikiliza maneno. Mzungumzaji analeta chanzo cha tatu, na akiwa hodari sana analeta na cha pili kwa kusimulia alivyotoka kijijini bila viatu. Cha kwanza hawezi kukuletea hata alipwe kiasi gani, kwa sababu hicho kinatengenezwa na mikono yako. Ndiyo maana watu hutoka ukumbini wakiwaka na kufikia Jumatano wamepoa, halafu wanajilaumu kwamba wana kasoro. Hawana kasoro. Walipewa kavera bila mkaa.

Nilipolielewa hili nilibadilisha ufundishaji wangu. Sikumwambia tena mama yule ajiamini. Nilimwomba neno moja. Kesho yake dukani, kwa mteja mmoja tu, aseme bei kwa Kiswahili, na mengine yote aendelee kwa ishara na kikokotoo kama alivyozoea.

Alirudi jioni uso umebadilika, nikadhani ameudhiwa. Akasimulia. Mteja alishika kitenge cha yadi sita, akamwangalia. Bei ilikuwa elfu sitini. Yeye akasema "elfu sita". Mteja akatoa noti ya elfu kumi haraka haraka, akasubiri chenji. Mama akaona kosa, akashika kitambaa kwa mkono mmoja, akainua vidole vitano vya mkono mwingine, akatafuta cha sita cha kuongezea, akasema "sita... sita... ti... ni!" Mteja akacheka, na yeye akacheka, na jirani mwenye kibanda cha mikanda akacheka. Mteja akalipa hamsini na tano baada ya kuvutana kidogo.

Alipomaliza kusimulia aliongea Kiswahili darasani kwa mara ya kwanza. Sitini, sabini, themanini, akawahesabia wenzake mpaka mia moja.

Kilichotokea ni kwamba alikosea kosa alilokuwa akiliogopa, tena mbele ya watu, na jioni ilifika kama kawaida. Tena akauza. Ile hamasa aliyokuwa akiisubiri ilikuja siku ile jioni, baada ya tendo. Madaktari wa akili wanaowatibu watu waliopoteza hamu ya maisha huitumia kanuni hiyohiyo kama tiba: mgonjwa huanzishiwa shughuli ndogondogo kwa ratiba kabla hajajisikia kuzifanya, na hisia huja zikifuata nyuma.

Ningejaribu, nikijaribu

Kama mwalimu wa lugha niruhusuni niseme kitu kuhusu sarufi. Nilianza kuwaomba wanafunzi waandike mipango yao, nikaona karibu wote wanatumia -nge-. "Ningekuwa na muda ningejifunza kuogelea." "Ningepata mtaji ningefungua duka la chapati." Kiambishi hicho huzungumzia mambo ambayo hayapo. Anayekitumia ameshaufunga mlango kwa upole.

Kiswahili kina kiambishi kingine, -ki-, kinachoambatana vizuri na nita-. "Nikifunga duka, nitapitia darasani kabla ya kupanda taksi." Humo kuna mahali, wakati na tendo. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika utafiti mmoja aliouchapisha na mwenzake mwaka 1997, wanafunzi waliombwa waandike ripoti fupi wakati wa likizo ya Krismasi, muda ambao kila mtu anajua ni mgumu kwa kazi. Waliotakiwa kutaja kabla watakaa wapi na saa ngapi kuandika, zaidi ya theluthi mbili waliimaliza kwa wakati. Wasiotakiwa kutaja, ni kama theluthi moja tu. Nia ilikuwepo pande zote mbili. Tofauti ilikuwa kwamba kundi moja lilikuwa limeamua mapema, hivyo saa ilipofika hawakuhitaji kujadiliana tena na nafsi zao.

Jaribu mwenyewe kuandika sentensi yako. Ukiona imekuja na -nge-, iandike upya kwa -ki- na uone kinachobaki. Wakati mwingine hakibaki kitu, nayo ni habari njema, maana umegundua kwamba jambo lile hukulitaka, ulilitamani tu kwa sababu jirani analo.

Tunayoambiwa ambayo si kweli

"Fanya kwa siku 21, itakuwa tabia." Namba hii imesambaa sana. Chanzo chake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura nchini Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Njiani neno "angalau" likapotea. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo lijiendeshe lenyewe, na kati ya mtu na mtu ilitofautiana kuanzia siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Kwa hiyo uliyeacha Januari ishirini na mbili ukidhani umeshindwa, hukuwa umeshindwa. Ulikuwa bado uko mwanzoni.

"Samaki mkunje angali mbichi." Methali ni nzuri kwa malezi, lakini watu wazima huitumia kujizika. Ubongo wa mtu mzima haukauki kama samaki wa Gaba. Eleanor Maguire na mwenzake waliwafuatilia watu wazima waliokuwa wakijifunza udereva wa teksi London, ambako ili upate leseni lazima uhifadhi kichwani maelfu ya mitaa. Waliofaulu baada ya miaka kadhaa ya kusoma walikutwa sehemu moja ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu za mahali imekua. Ambao hawakufaulu hawakuonyesha ukuaji huo. Nikipanda boda na mzee wa miaka hamsini anayekwepa foleni ya Wandegeya kwa vichochoro ambavyo simu yangu haivijui, nakumbuka utafiti huo.

"Ukiamua, ruka mzima mzima." Ushauri huu umewaumiza watu. Bei ya vanila ilipopanda kupita kiasi mwaka 2003, kisha ikaporomoka mwaka uliofuata, aliyekuwa amepanda kona moja ya shamba alipoteza kona. Aliyeng'oa kahawa yote alipoteza shamba. Kuthubutu hakupimwi kwa ukubwa wa dau. Azima cherehani kabla ya kununua. Pika rolex (chapati iliyoviringwa na mayai) kwa majirani Jumamosi mbili kabla ya kukopa SACCO na kukodi kibanda. Waganda wana msemo wao, kamu kamu gwe muganda, kimoja kimoja ndiyo hufanya mzigo, ndugu wa haba na haba yetu.

Mifano ya mabingwa huwa naitumia kwa uangalifu, kwa sababu tunasikia habari za walioshinda na hatuwasikii waliojituma vilevile wakakosa. Lakini kuna siku moja ninayoipenda kuisimulia kwa sababu ya aibu iliyokuwemo. Tarehe 26 Machi 2017, hapa Kampala, katika uwanja wa Kololo, yalifanyika mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Joshua Cheptegei alikuwa akiongoza, umati wa nyumbani ukipiga kelele. Katika mzunguko wa mwisho miguu ikamwishia. Aliyumba, wakampita mmoja baada ya mwingine, akamaliza wa 30 mbele ya watu wake mwenyewe na kamera za dunia. Agosti mwaka uleule alipata medali ya fedha ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia kule London, na mwaka 2019 akashinda mbio zilezile za nyika, Denmark. Dhahabu za Olimpiki zikafuata. Walioshuhudia Kololo walikwenda nyumbani wakala chakula cha jioni. Macho ya watu, yale tunayoyaogopa mpaka tunaacha kujaribu, huwa na mambo yao mengine ya kutazama.

Pale ambapo si suala la ari

Sipendi kuandika yote hayo kisha nikamwacha mtu akijilaumu bila haki. Mwenye kibarua cha siku, ambaye asipofanya kazi leo watoto hawali leo, hakosi ari. Anakosa nafasi ya kukosea. Kwake kujaribu jambo jipya ni kamari ya chakula. Wenye nafasi wakitaka wengine wathubutu, wawapunguzie gharama ya kukosea: wamruhusu fundi mdogo ashone kwenye kitambaa chakavu, wamshikie jirani mtoto kwa saa mbili, waache kumcheka anayeongea lugha kwa kigugumizi. Nimeona kikundi cha akiba cha akina mama kikitenga kiasi kidogo kila mwezi kwa mwanachama mmoja anayejaribu biashara mpya, bila riba, na akishindwa hasara wanagawana. Ningependa kuona vikundi kama hicho vingi zaidi.

Na kuna sonona. Mtu akipoteza hamu ya karibu kila kitu, hata alivyovipenda, kwa wiki mbili au zaidi, usingizi ukaharibika, chakula kikakosa ladha, akajiona hana thamani, huyo asipelekewe hotuba za kutia moyo. Ni ugonjwa na unatibika. Kituo cha afya cha karibu ni pa kuanzia, na Butabika ni hospitali ya rufaa ya taifa ya afya ya akili. Majirani wengi hulitaja jina la Butabika kama tusi. Wanaolifanya tusi wanawafungia wenzao mlango.

Yule mama sasa anakaa kiti cha mbele. Alipata rafiki darasani, kijana wa boda, na kila usiku wanapigiana simu dakika mbili kwa Kiswahili tupu. Wakikwama wanacheka na kukata. Wiki iliyopita nilipitia daftari lake nikakuta ameandika: "Nikiuza kitenge cha kwanza nitamuuliza mteja ametoka wapi." Kesho yake nikamuuliza kama alimuuliza.

"Nilimuuliza, Mwalimu. Akasema Bunia." Kisha akanyamaza kidogo. "Bunia ni wapi?"

Kijana wa boda akafungua ramani kwenye simu, akaikuza ng'ambo ya Ziwa Albert, na darasa zima likasogeza viti.